Refa Kakosea au Timu Imezidiwa? Namna ya Kuchambua Mechi Tata ya Raga Ligi ya Kimataifa

Mechi ya mataifa ikiisha kwa kelele, mashabiki hujibu maswali mawili kwa jibu moja. La kwanza: refa alikosea? La pili: walioshinda waliwazidi wenzao kwa kiasi gani? Refa anaweza kuboronga katika mechi ambayo upande mmoja umezidiwa kila idara. Anaweza pia kuchezesha bila doa mechi iliyokwisha 94-4, kama Uingereza (hapa maana yake England) ilivyoibwaga Ugiriki katika Kombe la Dunia lililochezwa 2022. Ukitaka hoja yako isimame hata mbele ya shabiki wa upande wa pili, fungua kurasa mbili: moja ya maamuzi, nyingine ya pengo. Kila ukurasa una ushahidi wake, na zisikutane mpaka mwisho.

Unahitaji kalamu, karatasi, rekodi ya mechi nzima na programu ya video inayoweza kusogeza picha moja moja. Vipande vifupi vinavyosambazwa na mashabiki havifai, kwa sababu karibu kila mara vinaanza sekunde chache baada ya kosa lililosababisha kosa. Tenga saa tatu kwa mechi ya dakika 80.

Kabla ya kipenga: jua sheria za siku hiyo

Misingi ya leo ni ileile karibu kila mahali. Kila upande una wachezaji 13 uwanjani na kwa kawaida 4 benchi. Timu yenye mpira inaruhusiwa kukabwa mara 6 (mikabo 6, yaani seti moja), kisha inaacha mpira. Trai, yaani kuuweka mpira chini ng'ambo ya mstari wa wapinzani, ni pointi 4, mkwaju wa kuongeza baada ya trai 2, mkwaju wa penalti 2, na dropu, yaani mkwaju wa mpira uliodondoshwa chini kwanza, kwa kawaida 1. Aliyekabwa anasimama, anaweka mpira chini na kuusukuma nyuma kwa mguu; hapa tutauita mpira wa kisigino. Wakati huo safu ya ulinzi inatakiwa iwe imerudi mita 10.

Mengine yote hutegemea mashindano, na hapo ndipo lawama nyingi za dakika kumi za kwanza huzaliwa: shabiki anadai sheria ya ligi ya kwao katika mechi isiyoitumia. Kabla ya mechi, andika majibu ya maswali haya. Je, refa anaweza kurudisha hesabu ya mikabo hadi sita badala ya kutoa penalti? Utaratibu huo uliingia NRL, ligi kuu ya Australia, mwaka 2020. Je, nahodha ana haki ya kupinga uamuzi? Hilo nalo NRL ililianza mwaka huohuo. Je, sare inaamuliwa kwa pointi ya dhahabu, yaani muda wa nyongeza ambao anayefunga kwanza anashinda? Kuna refa wa video katika kila mechi au katika baadhi tu? Anaruhusiwa kukagua nini? Kwa kawaida pasi ya mbele haikaguliwi, kwa hiyo ukilalamika kwamba "video haikuangaliwa" unalaumu mtu asiye na mamlaka hayo.

Ukichambua mechi ya zamani, tumia sheria za zamani. Fainali ya Kombe la Dunia ya 1972 mjini Lyon iliisha 10-10 kati ya Australia na Great Britain, timu ya pamoja iliyochezea Uingereza nzima siku hizo. Graeme Langlands wa Australia alijitupa juu ya mpira uliopigwa juu akafunga, refa Mfaransa akasema alikuwa ameotea, na picha za filamu zilionyesha baadaye kwamba hakuwa ameotea. Siku hizo trai ilikuwa pointi 3, si 4. Muda wa nyongeza haukuzaa kitu, na Great Britain wakapewa kombe kwa sababu ya matokeo yao ya hatua ya makundi. Ukihesabu trai ile kwa pointi za leo, umeanza kwa kukosea.

Andika pia refa amezoea ligi gani. Tofauti ya NRL na Super League, ligi kuu ya Uingereza, haiko kwenye kitabu cha sheria sana kama ilivyo kwenye kasi ya mpira wa kisigino: mkabaji anaachiwa alale juu ya mtu kwa muda gani kabla ya kuadhibiwa. Refa akitoka ligi moja kati ya hizo, nusu ya wachezaji wanacheza kwa saa waliyoizoea na nusu nyingine wanajifunza ndani ya mechi. Huo si upendeleo, lakini una athari, nayo huonekana zaidi katika dakika 20 za mwanzo.

Ukurasa wa maamuzi

Chora safu nane: dakika, matokeo wakati huo, mita kutoka mstari wa trai, mkabo wa ngapi, refa alisema nini papo hapo, sheria inayohusika, nani alipata mpira, na nini kilitokea katika seti iliyofuata. Safu ya tano ndiyo watu huisahau, na bila hiyo huwezi kumhukumu refa wa video. Katika mashindano mengi, refa wa uwanjani anapopeleka trai ikaguliwe, kwanza hutangaza anavyoona: trai, au si trai. Refa wa video anahitaji ushahidi wa kutosha ili aupindue uamuzi huo. Kwa hiyo picha ileile isiyo wazi inaweza kuzaa trai Jumamosi na kuinyima Jumapili, na maamuzi yote mawili yakawa sahihi kisheria.

Zima sauti. Mtangazaji akishasema "hiyo imedondoka", jicho lako litaona kudondoka. Tazama tukio mara mbili kwa kasi ya kawaida na uandike unachoona, ndipo upunguze kasi. Mwendo wa polepole unafaa kuonyesha mahali: mguu uligusa mstari, mkono ulikuwa juu au chini ya mpira. Haufai kupima nguvu wala nia. Mkabo wa kawaida wa bega na mkono ukipunguzwa kasi huonekana kama shambulio.

Usiiamini sana picha iliyogandishwa. Matangazo mengi yana picha 25 kwa sekunde, yaani moja kila sekunde 0.04. Mpira unaokwenda mita 10 kwa sekunde unasogea sentimita 40 kati ya picha moja na inayofuata. Mtu akikuonyesha picha moja na kusema mpira ulikuwa sentimita 10 nyuma ya mstari, kifaa chake hakina uwezo wa kusema hivyo.

Pasi ya mbele ndiyo inayopotosha watu wengi, na inastahili hesabu. Sheria inaangalia mpira umetupwa wapi ukilinganisha na mtupaji, si ukilinganisha na nyasi. Chukua mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde. Anatupa mpira nyuma yake kwa mita 2 kwa sekunde, nao unakaa hewani nusu sekunde. Ukilinganisha na ardhi, mpira ule unakwenda mbele mita 6 kwa sekunde, kwa hiyo unadakwa mita 3 mbele ya pale ulipoachiwa. Ni pasi halali kabisa. Sasa mtupaji huyohuyo akikabwa na kusimamishwa ghafla mara tu baada ya kutupa, mpira unamwacha nyuma, na uwanja mzima unapiga kelele. Kwa hiyo tazama viganja: vimemalizia vikielekea nyuma au mbele? Kisha uliza kamera ilikuwa wapi. Kamera kuu imekaa katikati ya uwanja. Pasi iliyotolewa kwenye mita 15 inaiona kwa mshazari, na mshazari unadanganya. Kama hakuna kamera iliyonyooka na pasi, andika "haiwezi kuthibitishwa" na uendelee. Neno hilo si la aibu.

Kwenye kuugusisha mpira chini, tenganisha hali mbili. Mchezaji anayeubeba anatakiwa auweke chini akiwa bado anaumiliki. Ukimtoka mkononi kwenda mbele kabla ya kugusa ardhi, amedondosha. Mpira ambao tayari uko chini ndani ya eneo la trai hauhitaji kushikwa: mkono ukiwekwa juu yake na kuukandamiza, hiyo ni trai. Watu wengi hudai "hakuushika" pale ambapo kushika hakuhitajiki.

Kuhusu mita 10, usipime kutoka pale mtu alipokabwa bali kutoka pale mpira ulipochezwa kwa kisigino. Mara nyingi aliyekabwa huwa amesogea. Refa mwenyewe husimama pale anapoitaka safu ya ulinzi, kwa hiyo mwili wake ndio rula yako. Mtetezi aliye mbele yake kabla mpira haujatoka ameotea. Hesabu wangapi waliotea wakaachwa, kwa pande zote mbili, katika seti kumi ulizozichagua kabla ya kuangalia. Ukichagua baada ya kuangalia, mwamba ngoma huvutia kwake.

Hakikisha una safu ya makosa ambayo hayakupigiwa kipenga. Hesabu ya penalti peke yake haina habari hiyo, na ndiyo inayobeba nusu ya ukweli.

Uamuzi uligharimu kiasi gani

Hapa ndipo maneno "wametuibia" yanapogeuka kuwa tarakimu. Kwa kila uamuzi uliothibitisha kwamba ni kosa, andika namba tatu: gharama ya chini kabisa, ya katikati na ya juu kabisa.

Australia na Uingereza, Melbourne, 2014: Australia wanaongoza 16-12, sekunde za mwisho, Ryan Hall anaukimbilia mpira ndani ya eneo la trai na kuugusa kwa ncha za vidole. Refa wa video anasema si trai. Waingereza wengi walisema wamenyimwa ushindi. Hesabu inasema vingine: trai ingefanya 16-16, na ushindi ungetegemea mkwaju wa kuongeza. Walichokosa, kama uamuzi ulikuwa kosa, ni sare ya hakika na nafasi ya kushinda. Hicho nacho ni kikubwa, hakuna haja ya kukiongezea.

Tonga na Uingereza, nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2017, Auckland, ni kinyume chake. Uingereza wanaongoza 20-18, sekunde za mwisho. Andrew Fifita wa Tonga anaelekea mstari wa trai, Elliott Whitehead anamkaba kwa nyuma, mpira unamtoka. Refa anapuliza: kadondosha mbele. Fifita anauokota na kuufikisha ng'ambo ya mstari, lakini kipenga kimeshalia, na video haiulizwi. Thamani yake ya juu ni mechi nzima: 22-20 hata bila mkwaju. Maswali ya kuchunguza ni mawili tu. Mpira ulielekea mbele ulipoacha mkono, au uliporwa na mkono wa mkabaji? Mkabaji aliye peke yake anaruhusiwa kuupora, na mpira ulioporwa si kosa la mbebaji. Na je, refa alikuwa na uhakika wa kutosha kupuliza mara moja, badala ya kuacha mchezo uendelee kisha akaulize? Swali la pili ni zito kuliko la kwanza, kwa sababu kipenga kikishalia hakuna trai ya kukagua. Refa anayechelewa sekunde moja anaweza kurudi nyuma kwa msaada wa video. Aliyewahi hana njia.

Fainali ya Kombe la Dunia la 2008, Brisbane, Australia na New Zealand: New Zealand walipewa trai ya penalti, yaani trai inayotolewa na refa kwa sababu kosa limeizuia, baada ya Joel Monaghan kumwangusha Lance Hohaia asiyekuwa na mpira. Matokeo ya mwisho yalikuwa 34-20. Ondoa pointi zote 6 na bado New Zealand wanashinda 28-20. Kutoa namna hiyo hakusemi Australia wangecheza vipi kama pengo lingekuwa dogo, lakini kunatosha kukuonya usiseme uamuzi huo ulibeba kombe.

Penalti za katikati ya uwanja ni ngumu zaidi, na njia nzuri ni kutumia mechi yenyewe. Tuseme timu ilianza seti 9 ndani ya mita 30 za wapinzani na ikapata pointi 12 kutokana nazo. Hiyo ni pointi 1.3 kwa seti. Penalti isiyostahili iliyoipa timu hiyo seti moja mahali hapo iligharimu takribani pointi 1.3, si 6. Ukikuta makosa manne ya aina hiyo upande mmoja, ni pointi 5 hivi. Hapo unaweza kuongea.

Kwa hesabu inayorudishwa hadi sita, usihesabu mara ngapi. Hesabu mikabo iliyoongezwa. Kurudishwa baada ya mkabo wa kwanza kunampa mtu mkabo mmoja wa ziada. Kurudishwa baada ya wa tano kunampa mitano. Timu iliyopewa mara 6, zote mapema, imepata mikabo 6. Iliyopewa mara 2 tu, lakini kwenye mkabo wa tano, imepata 10. Takwimu za televisheni zitaonyesha 6 kwa 2 na watu watalia na refa asiye na hatia. Timu janja hukosea makusudi kwenye mkabo wa kwanza, kwa sababu adhabu ni ndogo na ulinzi unapata pumzi.

Ukurasa wa pengo

Kombe la Dunia lilianza 1954 nchini Ufaransa. Katika mashindano 16 hadi lile la 2022, Australia wamelitwaa mara 12, Great Britain 3, New Zealand 1. Mwaka 2000 Australia waliifunga Urusi 110-4. Katika kombe la 2022 waliifunga Scotland 84-0. Pengo lipo, na lina mitambo yake.

Mtambo wa kwanza uko kwenye sheria na watazamaji wageni hawauoni: aliyefungwa ndiye anayepiga mpira wa kuanzisha. Ni kinyume cha raga ya wachezaji 7 kila upande, ambako aliyefunga ndiye anayepiga. Katika raga ligi unafunga, kisha unaletewa mpira tena na mikabo sita mipya. Timu dhaifu inaweza kukaa dakika kumi bila kuugusa mpira zaidi ya kuupiga kuanzisha. Inachoka kwa kukaba, inachelewa kurudi mita 10, inapigiwa kipenga, inafungwa, inapiga tena. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyowapa Tonga pointi 18 katika dakika saba za mwisho mbele ya Uingereza, wakitoka nyuma 20-0. Kwa hiyo unapoandika tofauti ya pointi, andika kando yake kila upande ulikuwa na seti ngapi. Timu iliyofungwa 40-6 ikiwa na seti 28 dhidi ya 44 ina ugonjwa tofauti na iliyofungwa 40-6 kwa seti 36 kwa 36.

Pili, gawa penalti kwa mikabo. Anayekaba sana ana nafasi nyingi zaidi za kukosea. Timu yenye mikabo 400 na makosa 8 ya kumlalia mtu ina 2 kwa kila 100. Yenye mikabo 260 na makosa 5 ina 1.9 kwa kila 100. Nane kwa tano inaonekana kama dhuluma, lakini kwa kipimo hiki wako sawa. Kama baada ya kugawa bado kuna tofauti kubwa, rudi kwenye seti kumi zako za kuotea na uone kama upande mmoja uliachiwa.

Tatu, pima kasi ya mpira wa kisigino: anza saa pale mbebaji anapozuiliwa kabisa, simamisha mpira unapotoka mguuni. Chukua 20 katika kipindi cha kwanza na 20 baada ya dakika ya 55. Ukiona timu moja inachezesha kwa sekunde 3 na nyingine kwa 4 na nusu, umepata chanzo cha mechi, maana sekunde moja na nusu inatosha safu nzima ya ulinzi kujipanga. Hapa refa na pengo vinagusana: kuchelewa huko kunatokana na mkabo mzuri, au na mkabaji kulala juu bila kuadhibiwa? Tazama mkono wa mwisho kuachia, na kama refa alitamka amri ya kuachia kabla.

Nne, hesabu watu. Katika 17, wangapi wanacheza NRL au Super League? Kisha angalia jezi namba 1, 6, 7 na 9 peke yake, kwa sababu hao ndio wanaoongoza mashambulizi na mikwaju ya mwisho wa seti. Taifa linaweza kuwa na miamba ya mbele iliyokomaa katika ligi kubwa na bado likakosa namba 7 wa kuimalizia seti. Sheria ya uhalali inaruhusu kuchezea taifa la mzazi au la babu na bibi, ndiyo maana Fifita na Jason Taumalolo waliweza kuchagua Tonga mwaka 2017, na Tonga hao wakaifunga New Zealand 28-22. Chaguo la wachezaji wachache liliziba pengo ambalo miaka ya mafunzo haikuwa imeliziba.

Tano, siku za maandalizi. Oktoba 15, 2022 Uingereza waliifunga Samoa 60-6. Novemba 12, kwenye nusu fainali ya kombe hilohilo, Samoa waliishinda Uingereza 27-26 kwa dropu ya Stephen Crichton katika muda wa pointi ya dhahabu. Baadhi ya nguzo za Samoa walikuwa wamecheza fainali ya NRL Oktoba 2, siku 13 kabla ya kile kipigo. Anayetumia matokeo ya mechi moja kusema taifa fulani "halina kiwango" ajibu kwanza pointi 54 zilienda wapi ndani ya siku 28.

Kuzikutanisha kurasa

Jumlisha gharama za katikati za makosa yaliyothibitishwa, pande zote mbili, utoe moja kwa nyingine. Linganisha jibu na tofauti ya matokeo. Kama makosa yanafika pointi 5 na timu imefungwa kwa 24, andika kwamba refa alikosea na hakuamua mechi. Sema yote mawili, kwa sababu kosa halifutwi na ukubwa wa kipigo na aliyekosewa anastahili kuambiwa hivyo. Kama makosa ni 4 na tofauti ni 2, andika kwamba uamuzi ulitosha kubadilisha mshindi, utaje dakika na sheria. Yale yaliyobaki "haiwezi kuthibitishwa" yaorodheshe kando bila kuyapa pointi.

Usitumie pasipoti ya refa kama ushahidi. Aliyemnyima Langlands hakuwa Mwaustralia wala Mwingereza, na aliyempulizia Fifita alikuwa Mwaustralia katika mechi ya Tonga na Uingereza. Wote hawakuwa na timu uwanjani.

Mpe mtu wa upande wa pili orodha ya dakika tu, bila maoni yako, naye ajaze safu zake akiwa peke yake. Pale mnapotofautiana, angalieni pamoja kwa kasi ya kawaida. Kisha acha siku mbili zipite, rudia matukio matatu mazito zaidi, na ubadilishe ulichoandika kama jicho limebadilika.